Je, Wajua? Choo, Pumba na Saratani ya Utumbo Mpana

Je, wajua kwamba moja ya nadharia mashuhuri kuhusu saratani ya utumbo mpana ilianzia kwenye mifuko ya choo cha wanakijiji wa Uganda?

Mwenye mifuko hiyo alikuwa Denis Burkitt, daktari mpasuaji kutoka Ireland. Alikuwa na jicho moja tu linaloona, kwani la kulia liliharibika akiwa na miaka 11. Alifika Uganda mwaka 1946 na akafanya kazi kwa miaka mingi katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Wanafunzi wa udaktari wanamjua kwa ile saratani ya taya za watoto inayobeba jina lake. Lakini kilichomshughulisha nusu ya pili ya maisha yake ni ugonjwa ambao hakuuona. Kwa karibu miaka 20 alipasua matumbo ya watu Uganda, na saratani ya utumbo mpana akakutana nayo kwa nadra sana, ilhali wenzake Uingereza walikuwa wameizoea kama sisi tulivyozoea malaria.

Aliporudi Uingereza mwaka 1966 alikutana na Thomas Cleave, tabibu wa jeshi la majini. Huyu, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, aliwalisha pumba za ngano mabaharia waliofunga choo ndani ya manowari King George V. Cleave alishikilia kwamba magonjwa mengi ya Wazungu yanatokana na unga mweupe na sukari. Burkitt akaona hapa pana la kupima.

Kipimo chenyewe kilikuwa hivi. Mtu anameza vidonge vidogo 25 vya plastiki vinavyoonekana kwenye eksirei. Kila akienda haja kubwa, choo kinawekwa kwenye mfuko. Mfuko unapimwa uzito, kisha unapigwa eksirei ili vidonge vihesabiwe ndani yake. Vikishatoka vingi, inajulikana chakula kimekaa tumboni kwa muda gani. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1972 yalikuwa ya kushangaza: wanakijiji wa Uganda walitoa wastani wa gramu 470 kwa siku, na vidonge vilipita kwa muda wa saa 36 hivi. Mabaharia wa Uingereza na wake zao walitoa gramu 104, na vidonge vilikaa saa 83, yaani zaidi ya siku tatu.

Karibu nusu kilo kwa siku! Burkitt alizunguka dunia akihutubia madaktari waliovaa tai, na bila haya aliwaonyesha picha za kinyesi ukutani. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: chakula chenye nyuzinyuzi nyingi hufanya choo kiwe kingi na laini, kipite upesi, na vitu vyenye sumu visipate muda wa kukaa vikigusa ukuta wa utumbo.

Je, wajua kwamba utumbo mwembamba una urefu wa mita sita hivi na utumbo mpana mita moja na nusu tu, lakini saratani huupenda zaidi huo mfupi? Ya utumbo mwembamba ni nadra sana. Ya utumbo mpana na puru (ile sehemu ya mwisho kabla ya njia ya haja kubwa) ni ya tatu kwa wingi duniani: mwaka 2022 ilikadiriwa kuwapata watu zaidi ya milioni 1.9 na kuua zaidi ya 900,000. Sababu mojawapo inayotajwa ni hiyohiyo ya Burkitt. Kwenye utumbo mwembamba chakula hupita kwa saa chache. Kwenye utumbo mpana hulala, tena hulala katikati ya bakteria wasiohesabika.

Nenda kwenye mashine ya kusaga yoyote mjini ukasimame dakika kumi. Mama anafika na debe la mahindi, anaulizwa, "Dona au sembe?" Akisema sembe, mahindi yanapita kwanza kwenye kinu cha kukoboa. Ganda na kiini vinatoka upande mmoja, vinajaa kwenye kiroba kingine. Hizo ndizo pumba, na zina mteja wake: mfugaji wa kuku. Mama anaondoka na unga mweupe pee, mlaini, unaopendeza machoni pa wageni, na kuku wanabaki na sehemu ambayo Burkitt alizunguka nayo dunia nzima akiihubiri. Huo ndio mzaha wa jambo hili. Uzungu ule ambao Cleave alikuwa akiulaumu kwao, sisi tumeufanya heshima ya mezani.

Lakini sayansi si mahubiri, na Burkitt hakupita bila kupingwa. Mwaka 2000 yalichapishwa majaribio mawili makubwa ya Marekani. Watu waliokwisha kukatwa vijinyama vya utumbo waliongezewa nyuzinyuzi kwa miaka mitatu hadi minne, na vijinyama vikaota tena vilevile kama kwa wasioongezewa. Wengi wakadhani hadithi ya pumba imekwisha. Miaka mitatu baadaye utafiti uliofuatilia zaidi ya watu nusu milioni katika nchi 10 za Ulaya ukasema vingine: waliokula nyuzinyuzi nyingi walipata saratani hii kwa uchache, na watafiti wakakadiria kwamba jamii inayokula nyuzinyuzi kidogo ikiongeza kiasi hicho maradufu, ugonjwa ungeweza kupungua kwa asilimia 40. Mimi naona majibu hayo mawili hayagombani sana. Kijinyama huchukua miaka kumi au zaidi mpaka kiwe saratani. Kumpa mtu mzima pumba kwa miaka mitatu na kutegemea kufuta mlo wa miaka 50 ni kudai mengi.

Je, wajua kwamba watu waliwahi kubadilishana vyakula kati ya mabara mawili, na matumbo yao yakabadilika ndani ya wiki mbili?

Stephen O'Keefe wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, Marekani, alichukua Wamarekani weusi 20 wa mji huo na wanakijiji 20 wa KwaZulu-Natal, Afrika Kusini. Wamarekani weusi hupata saratani hii kwa kiwango cha watu kama 65 kwa kila 100,000. Wanakijiji wa Afrika Kusini hawafiki watano. Damu ya mababu haiko mbali sana, kwa hiyo macho yakaelekea kwenye sahani. Kwa wiki mbili Wamarekani walipikiwa vyakula vya mahindi, maharage na matunda, mpaka nyuzinyuzi zikafika gramu 55 kwa siku. Waafrika Kusini nao wakapewa soseji, baga na chipsi. Kabla na baada ya hapo, kila mmoja alichunguzwa utumbo kwa kamera.

Uchunguzi wa mwanzo tu ulisema mengi: karibu nusu ya Wamarekani walikutwa na vijinyama, na hakuna Mwafrika Kusini hata mmoja aliyekuwa navyo. Baada ya wiki mbili, alama za mwasho na za kasi ya kuzaliana kwa seli kwenye ukuta wa utumbo zilishuka kwa Wamarekani na kupanda kwa Waafrika Kusini. Bakteria nao waligeuka. Wale wanaokula nyuzinyuzi hutengeneza kemikali iitwayo butireti, ambayo ndiyo chakula cha seli za utumbo mpana; kwa Wamarekani iliongezeka zaidi ya mara mbili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Hayakuonyesha kwamba mtu alipona au aliugua saratani, maana wiki mbili hazitoshi. Yalionyesha upande ambao usukani unageukia.

Na hapa kwetu? Mwaka 2025 watafiti wa chuo cha KCMC, Moshi, wakishirikiana na wenzao wa Uholanzi, walichapisha utafiti wa vijana wa kiume 77 wenye afya njema wa Kilimanjaro. Waliozoea vyakula vya asili, yaani ndizi, maharage, mboga za majani na nafaka zisizokobolewa, walihamishiwa kwenye mlo wa kizungu kwa wiki mbili, na wengine wakafanyiwa kinyume chake. Kwa waliohamia mlo wa kizungu, protini zinazoashiria mwasho mwilini zilipanda na seli za kinga zikazubaa mbele ya vijidudu. Kwa waliorudi kwenye vya asili mwasho ulipungua, na baadhi ya mabadiliko yalionekana hata wiki nne baadaye.

Kuna kundi jingine ambalo Wachaga watalipenda: hao walipewa mbege ya ndizi na ulezi kwa wiki moja, na mwasho wao ulipungua pia. Kabla hujakimbilia kilabuni, kumbuka kwamba utafiti huo ulipima damu tu, haukupima saratani. Pombe kwa ujumla wake iko kwenye orodha ya visababishi vya saratani ya utumbo mpana bila ubishi. Uchachu wa mbege ni jambo moja, kileo chake ni jingine, na utafiti huo haukukupa leseni ya kibuyu cha pili.

Je, wajua kwamba kiporo kina jambo lake? Wanga uliopikwa ukapoa, kama ugali wa jana au viazi vya jana, hujipanga upya kiasi kwamba sehemu yake hukataa kumeng'enywa kwenye utumbo mwembamba. Sehemu hiyo inafika kwenye utumbo mpana ikiwa nzima, na bakteria wanaitumia kama wanavyotumia nyuzinyuzi. Bibi aliyekunywa chai kwa kiporo cha muhogo hakuyajua hayo, lakini bakteria wake waliyajua. Kihifadhiwe vizuri tu, maana kiporo kilichochacha kina habari zake.

Sasa nyama, ambayo ndiyo watu huuliza kwanza. Oktoba 2015 wataalamu 22 kutoka nchi 10 walikutana Lyon, Ufaransa, chini ya shirika la utafiti wa saratani la WHO. Baada ya kupitia tafiti zaidi ya 800 wakaiweka nyama iliyosindikwa, yaani soseji, bekoni, hemu na jamaa zake, kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na tumbaku. Nyama nyekundu ya kawaida, ya ng'ombe, mbuzi, kondoo au nguruwe, iliwekwa kwenye kundi la "huenda".

Magazeti yalipiga kelele kwamba soseji ni sawa na sigara. Sivyo. Kundi linaeleza uzito wa ushahidi. Ukubwa wa hatari ni hesabu nyingine. Makadirio yaliyotajwa wakati ule yalikuwa vifo 34,000 kwa mwaka duniani kwa mlo wenye nyama nyingi ya kusindikwa, na kama milioni moja vya saratani itokanayo na tumbaku. Walichosema wataalamu ni kwamba kila gramu 50 za nyama iliyosindikwa zinazoliwa kila siku huongeza hatari kwa asilimia 18. Tuifungue hesabu hiyo. Tuseme kati ya watu 100, watano wangepata saratani hii maishani mwao. Wote 100 wakila gramu hizo kila siku, watano wanakuwa karibu sita. Gramu 50 ni soseji moja hivi, au ile smokie ya Nairobi inayopasuliwa katikati na kujazwa kachumbari. Mwenye kula moja Jumamosi asijinyime usingizi. Anayeifanya kifungua kinywa cha kila asubuhi ya shule kwa mtoto ndiye wa kuongea naye.

Nyama choma nayo ina lake: nyama ikiungua juu ya makaa hutoa kemikali ambazo zimeonekana kuleta saratani kwa wanyama wa maabara. Ile sehemu nyeusi ya pembeni ambayo wengine huigombea, mwachie mwenzako. Au msimwachie mtu.

Mengine kwa haraka. Watu warefu hupata saratani hii kwa wingi kidogo kuliko wafupi. Huenda ni kwa sababu ya vichocheo vya ukuaji na utumbo wenye seli nyingi zaidi, na hakuna la kufanya juu ya hilo. Unene wa kitambi, kisukari, sigara na kukaa kutwa kwenye kiti huongeza hatari. Maziwa huipunguza: wanawake zaidi ya 540,000 wa Uingereza waliofuatiliwa kwa miaka walionyesha kwamba kalsiamu ya ziada ya glasi moja kubwa ya maziwa kwa siku ilikwenda pamoja na upungufu wa asilimia 17. Na bakteria mmoja wa kinywani, Fusobacterium, anayejulikana kwa magonjwa ya fizi, hukutwa amejificha ndani ya uvimbe wa utumbo mpana. Mswaki nao una kesi ya kujibu.

Kichocho je? Tunaoishi kando ya Ziwa Victoria tunauliza kwa haki, maana kichocho cha utumbo tunacho. Aina ya Asia ya Mashariki imehusishwa na saratani hii. Hii yetu ya Schistosoma mansoni ushahidi wake haujatosha kuitia hatiani, tofauti na kichocho cha mkojo, ambacho kuleta saratani ya kibofu kumethibitishwa.

Je, wajua kwamba mshonaji nguo mmoja alitabiri kifo chake, na utabiri huo ukafungua mlango wa sayansi? Mwaka 1895, huko Ann Arbor, Michigan, mwanamke huyo alimwambia daktari Aldred Warthin kwamba atakufa mapema kwa saratani ya tumbo, ya utumbo au ya kizazi, kwa kuwa ndivyo wanavyokufa watu wa kwao. Alikufa kijana kweli, kwa saratani ya kizazi. Wengine wangesema ukoo umelogwa. Warthin alichukua kalamu, akaandika majina ya ndugu mmoja mmoja, na mwaka 1913 akachapisha habari za ukoo huo. Miaka ya 1960 Henry Lynch wa Nebraska akakuta koo nyingine za namna hiyo, na leo hali hiyo inaitwa kwa jina lake. Kosa liko kwenye jeni zinazosahihisha makosa ya seli inapojinakili. Ni kama mhariri amelala, na makosa yanachapishwa. Saratani kama 3 kati ya kila 100 za utumbo mpana hutokana na hali hiyo.

Kwa hiyo ile desturi yetu ya kuficha ugonjwa wa marehemu, ya kutangaza kwamba "aliugua kwa muda mfupi", ina gharama. Ikiwa baba au dada yako alipata saratani hii kabla ya miaka 50, daktari wako anahitaji kujua hilo kuliko anavyohitaji kujua umekula nini jana.

Umri. Zamani ungeambiwa huu ni ugonjwa wa wazee, na kweli wengi wanaougua wamepita miaka 50. Lakini Ken Okoth, mbunge wa Kibra, Nairobi, alifariki Julai 2019 akiwa na miaka 41, baada ya kuwaambia watu wazi kwamba ana saratani ya hatua ya nne. Mwaka uliofuata akafariki Chadwick Boseman, nyota wa Black Panther, akiwa na miaka 43. Filamu ile aliicheza tayari akijua anaumwa. Marekani, mtu aliyezaliwa mwaka 1990 ana hatari maradufu ya saratani ya utumbo mpana, na mara nne ya saratani ya puru, akilinganishwa na aliyezaliwa mwaka 1950 alipokuwa na umri kama wake. Kwa sababu hiyo, mwaka 2021 umri wa kuanza kupimwa huko uliteremshwa rasmi kutoka 50 hadi 45. Mmoja wa washukiwa ni aina ya bakteria inayotoa sumu iitwayo kolibaktini: utafiti wa mwaka 2025 katika nchi 11 ulikuta alama za sumu hiyo zaidi ya mara tatu kwa wagonjwa walio chini ya miaka 40 kuliko kwa waliopita 70.

Afrika Mashariki, wodi zina wagonjwa wengi wa miaka 30 na 40, lakini tahadhari: nchi zetu zina vijana wengi kuliko wazee, kwa hiyo hata wagonjwa watakuwa hivyo. Kisichobishaniwa ni kwamba rejesta ya saratani ya Kampala, iliyoanza miaka ya 1950 wakati Burkitt yuko Mulago, inaonyesha ugonjwa huu ukipanda. Kile kitu alichokishangaa kwa kutokuwepo sasa kipo.

Na kinachotuumiza zaidi huenda si sahani. Mtu anaona damu chooni. Anaona haya kumwambia mkewe, sembuse daktari. Mwezi wa tatu anakwenda duka la dawa, ananong'ona, na anajibiwa kwa upole: "Pole baba, hiyo ni bawasiri, chukua hii ya kupaka." Mara nyingi ni bawasiri kweli, au amiba. Ila mara nyingine siyo, na mirija ya dawa inaisha mmoja baada ya mwingine, mkanda wa suruali unaongezwa tundu, uso unapauka kwa upungufu wa damu, na mtu anahisi kila anapotoka chooni kwamba hajamaliza.

Kamera ya utumbo haipo kila wilaya, na bei yake wengi hawaimudu. Lakini kipimo cha kwanza hakihitaji umeme wala mashine: glavu moja, mafuta kidogo na kidole cha daktari, kwa dakika moja. Uvimbe wa sehemu ya chini ya puru huguswa hivyohivyo. Ukienda kumwona daktari kwa sababu ya damu chooni, naye akaanza kuandika dawa ya bawasiri bila kukuchunguza, mwombe kwa heshima avae glavu kwanza.